Kibanda cha kofia na jezi za besiboli Kongowea, na huu msimu wa 2022 tunaoungoja

Wadau wa Mombasa, kama unatafuta kofia ama jezi ya besiboli iliyo orijino, si zile fongkong zenye herufi NY zinazouzwa kila kona na mshono umekwenda upande, nenda Kongowea sokoni, upande wa mitumba, pita wauza viatu halafu uliza kibanda cha kofia, utaonyeshwa. Mimi nakipa nyota 4 kwa 5 na ntaeleza ile moja imekwenda wapi. Naandika haya mwanzo wa Machi 2022 kwa sababu mali iliyoko wiki hii ni nzuri kupita kiasi, na pia kwa sababu ligi kuu yenyewe huko Marekani iko kwenye mzozo mbaya wa wamiliki wa timu na wachezaji, na mimi kama shabiki nimekosa pa kuutua moyo, jezi ndio zimebaki.

Hapa mjini kofia za besiboli zimejaa, makanga amevaa, wa boda amevaa, wa tuktuk amevaa, na ukimuuliza hio timu inacheza nini wengi watakwambia ni New York basi. Sina neno na hilo, jua la Mombasa halijali unashabikia nani. Lakini sisi wachache tunaofuatilia mchezo wenyewe tunataka kitu cha ukweli, na huyu mama mwenye kibanda, ingawa hajawahi kuangalia mechi ata moja, mali anaijua. Nilimwambia nataka jezi ambayo si ya kuigwa. Akachukua mbili za Yankees, timu ya New York, zote nyeupe na zote zina mistari, akaziweka juu ya bela akaniambia, "Mwanangu, usiangalie, gusa namba." Nikagusa. Ya kwanza namba imelala flati, imepigwa kwa joto na imeanza kupasuka kama rangi ya ukuta. Ya pili ni kitambaa kigumu kimeshonewa juu ya kitambaa kingine, ukipitisha kidole pembeni unahisi ule mshono wa zigizaga umepita kila kona bila kuruka. Akasema, "Hio ya pili ndio kamera, ile ya daraja la kwanza, hio ya kwanza naweka kwa fagia, mtu atachukua kwa shilingi mia." Pale pale nikajua nko mahali sawa.

Mimi naongeza hivi kwa wanaoanza. Nyuma ya shingo angalia ile nembo ya ligi, kivuli cheupe cha mtu ameshika gongo katikati ya samawati na nyekundu. Lebo ikiwa Majestic basi ni jezi ya kabla ya 2020, kuanzia 2020 ni Nike na alama yao iko kifuani. Ukikuta Russell huenda umeshika kitu cha miaka ya 90, usikirudishe kwa hanga. Kofia geuza ndani. Zile za New Era zinazovaliwa uwanjani zilikuwa za sufu mpaka 2006 na mkanda wa jasho ulikuwa mweupe, 2007 wakahamia poliesta na mkanda ukawa mweusi. Kwa hivyo ukiona sufu na mkanda mweupe ambao umegeuka manjano kwa jasho la mtu, usikunje uso, huo umanjano ndio cheti chake.

Na hivyo ndivyo nilivyoipata kofia ya Montreal Expos. Samawati nzima, sufu, mkanda wa manjano, saizi 7 na 3/8 ambayo inanikaa barabara. Wanaojua watauliza mbona si ile ya rangi tatu, ile waliiacha 1992, hii ya samawati ndio ile iliyovaliwa mwaka wa 1994, na ni mwaka huo nataka kuuongelea. Mama alianza na 400, nikamwambia mama hii imeshapauka juu, akashuka 300, nikatoa 250 kwa M-Pesa, tukaachana kwa salama.

Expos walikuwa timu ya Kanada na 1994 walikuwa bora kuliko timu yoyote kwenye ligi nzima. Mechi 74 wameshinda, 40 wamepoteza, Atlanta wako nyuma yao kwa mechi 6, na ni kikosi cha vijana, kina Pedro Martínez, Larry Walker, Marquis Grissom, Moisés Alou, na anayewafundisha ni Felipe Alou babake Moisés. Tarehe 12 Agosti wachezaji wa ligi nzima wakaweka magongo chini. Wamiliki walikuwa wanataka kuweka kikomo cha mishahara, yaani timu isiruhusiwe kulipa zaidi ya kiasi fulani, na chama cha wachezaji kikasema hilo halipo. Mwezi ukapita hakuna anayelegeza, na 14 Septemba msimu wote uliobaki ukafutwa pamoja na World Series, fainali ambayo ata vita viwili vya dunia havikuisimamisha. Tony Gwynn wa San Diego alikuwa na wastani wa kupiga wa .394, yaani karibu mapigo 4 kwa kila 10, hakuna aliyemaliza msimu juu ya .400 tangu Ted Williams 1941, na hatutajua kamwe kama angefika. Matt Williams wa San Francisco alikuwa ameshapiga homuruni 43, ile mipira ya kutoka nje ya uwanja, na rekodi ya msimu mmoja wakati huo ilikuwa 61, hatutajua pia.

Lakini Gwynn na Williams walirudi wakacheza. Expos ndio hawakurudi. Msimu wa 1995 ulipokaribia klabu haikuwa na pesa, ndani ya siku chache wakawatoa Ken Hill, John Wetteland na Grissom, Walker akaenda zake Colorado, timu ikafumuka yote. Mashabiki wa Montreal wakavunjika moyo, wakapungua, 2004 ukawa msimu wa mwisho na mwaka uliofuata timu ikahamishiwa Washington. Sai ndio Nationals, wamechukua World Series 2019, lakini mtu wa Montreal hio haimsaidii kitu. Mimi nikiivaa hii kofia mjini hakuna anayejua naombolezea nini lakini mimi najua.

Sasa twende kwa hali ya sai, Machi 2022, maana kijana wa yule mama aliniuliza, "Kaka, kwani hao nao wamegoma?" Nikamwambia hapana, mwaka huu ni kinyume, wenye timu ndio wamefunga geti. Mkataba wa kazi wa wachezaji na wamiliki uliisha usiku wa 1 Desemba 2021 na kuamkia tarehe 2 wamiliki wakatangaza lokauti. Toka siku hio mpaka naandika haya hakuna timu inaruhusiwa kumsajili mchezaji wa ligi kuu, hakuna kubadilishana wachezaji, na aliye majeruhi haruhusiwi ata kuongea na daktari wa klabu yake. Kwenye tovuti ya ligi wakatoa picha za wachezaji wote, ukifungua ukurasa wa timu yako unakuta kila jina liko na kivuli cha kijivu kisichokuwa na uso. Nimekaa nikiangalia kikosi changu chote kimekuwa vivuli na kusema kweli nliumia kuliko nlivyotarajia, hawa watu huwa naamka alfajiri kwa ajili yao.

Juzi Jumanne tarehe 1 Machi 2022, baada ya siku 9 mfululizo za mazungumzo huko Jupiter, Florida, kamishna Rob Manfred akatangaza kwamba mifululizo miwili ya kwanza ya mechi za kila timu imefutwa. Ligi ilikuwa ianze 31 Machi. Haianzi siku hio.

Nimeona watu wakisema wacha wafungiwe tu, mamilionea wanagombana na mabilionea, sisi yatuhusu nini. Mimi sikubaliani na hio kauli na ntasema kwa nini. Kijana anayeingia ligi kuu hana uhuru wa kuchagua timu mpaka afikishe miaka 6 ya utumishi, na takriban miaka 3 ya mwanzo klabu inamlipa inachotaka almradi isishuke chini ya kima cha chini, ambacho mwaka jana, 2021, kilikuwa dola 570,500. Kwetu hizo ni pesa za kununua mtaa, sawa, lakini yeye ndiye anayejaza uwanja na ndiye anayeuza hizo jezi mpaka zinatufikia Kongowea, na akiumia bega mwaka wa 4 biashara yake imeisha kabla hajawahi kupewa thamani yake. Na klabu zinajua kucheza na hesabu hio. Unamweka kijana ligi ndogo wiki chache mwanzo wa msimu, hajatimiza mwaka kamili wa utumishi, umejipatia mwaka mzima wa ziada wa kummiliki. Hili si fununu. Februari 2021 aliyekuwa rais wa timu yangu mimi mwenyewe, Kevin Mather wa Seattle Mariners, alijiuzulu baada ya video kusambaa akiongea na watu wa Rotary Club ya Bellevue, akielezea waziwazi namna klabu inavyopanga lini vijana wapandishwe. Halafu katika maongezi hayo hayo akasema vibaya juu ya Kiingereza cha Julio Rodríguez, kijana wa Jamhuri ya Dominika ambaye ndiye matumaini ya mji mzima. Sasa niambie, hapo mimi nikae upande wa nani?

Kinachowatenganisha mpaka hii Machi 2022 wala si mbingu na ardhi. Kima cha chini wamiliki wametoa 700,000, wachezaji wanataka 725,000. Kile kiwango ambacho timu ikikipita kwa mishahara inatozwa faini, wamiliki wanasema dola milioni 220 kwa mwaka huu, wachezaji wanasema 238. Mfuko wa bonasi kwa wale vijana wanaofanya vizuri kabla hawajapata haki ya kudai mshahara wao mbele ya msuluhishi, wamiliki milioni 30, wachezaji milioni 85. Timu za mtoano, ligi inataka 14, wachezaji 12. Kwa kima cha chini tofauti ni dola 25,000 kwa mtu, pesa ambayo pitcha (mrusha mpira) mkubwa anaipata kabla hajamaliza kurusha inning'i moja, moja tu ya zile zamu 9 za mechi, na hapo ndipo nakasirika, maana ukifika umbali huo mdogo halafu ukanyanyuka mezani basi ulikuwa huna haja ya kukaa.

Mimi kazi yangu ni ya kuklia mizigo forodhani, bandarini, mizozo ya kazi naijua kwa karibu, na mji huu wetu una historia yake, mgomo mkuu wa Januari 1947 ulisimamisha bandari na reli na mahoteli, watu wakadai mishahara ya kuwatosha kula. Ndio maana mtu akiniambia mfanyakazi anyamaze kwa sababu analipwa vizuri, siwezi kumuelewa. Na ninaowahurumia zaidi kwenye hii lokauti hata si wachezaji wakubwa. Ni wale wanaouza chakula uwanjani na wanaoelekeza magari, na ile miji ya Arizona na Florida ambayo kila Februari na Machi inaishi kwa mazoezi ya timu, Mariners wao hujiandaa Peoria, Arizona. Mwaka huu wachezaji wa ligi ndogo ambao hawako kwenye orodha ya watu 40 wa timu ya ligi kuu ndio pekee wanaofanya mazoezi. Mahoteli yamekaa kama mahoteli yetu ya Pwani msimu wageni wanapokosa kuja, mpishi yupo, vitanda vimetandikwa, na kila asubuhi mtu anaambiwa arudi nyumbani.

Mtu atauliza mtu wa Mombasa amefikaje kuwa shabiki wa Seattle. Seattle na Mombasa ni miji dada tangu 1981, na mimi nilipoanza kufuata huu mchezo nikaona sina haja ya kutafuta timu mbali, dada yangu yupo, tena naye ni mji wa bandari kama sisi. Basi nikaingia Mariners na kusema kweli si timu ya kukupa usingizi. Mpaka naandika haya Machi 2022, mara ya mwisho wamefika mtoano ni 2001, mwaka ambao walishinda mechi 116 na Ichiro Suzuki ndio kwanza amefika kutoka Japani. Toka hapo mpaka msimu wa 2021 hakuna. Kufikia sasa ndio ukame mrefu kuliko wa timu yoyote ile kwenye ligi kubwa za Marekani, ukichukua besiboli, kikapu, hoki ya barafu na ule mpira wao wa kukumbatiana.

Na sasa nirudi kibandani maana hapa ndipo nlipopata nguvu. Siku ile ile ya Expos, mama akafungua bela nyingine, tukawa watu watatu tumeinamia, akatoa jezi moja ya kijani ya bahari yenye ile nembo ya dira kifuani. Mariners wa miaka ya 90. Russell, imeshonwa, mkono wa kushoto una doa dogo kama la chai, mgongoni haina jina wala namba. Nikaishika nikaiinua juu kwenye mwanga, wenye vibanda vya jirani wakaanza kucheka kwa furaha yangu, mama akasema, "Haya, huyu leo ameona nduguye."

Ile jezi na ile kofia zimetoka kwenye mgomo mmoja. Mgomo ule wa 1994 uliowaua Expos uliendelea mpaka mwaka uliofuata, jumla siku 232, wamiliki wakafika mpaka kufanya mazoezi na wachezaji wa kukodi, na uliisha tarehe 2 Aprili 1995 baada ya jaji Sonia Sotomayor, huyu huyu aliye Mahakama ya Juu ya Marekani sai, kutoa amri iliyowazuia wamiliki kulazimisha masharti yao. Msimu ukaanza umechelewa, 25 Aprili, mechi 144 badala ya 162. Mashabiki walikuwa na hasira, mahudhurio yalishuka karibu asilimia 20. Na Seattle walikuwa kwenye hali mbaya kuliko wengi, uwanja wao wa Kingdome ulikuwa umedondosha vigae vya dari Julai 1994, timu ilikuwa inatishiwa kuhamishwa, na mwezi Mei 1995 nyota wao Ken Griffey Jr. akagonga ukuta akidaka mpira akavunjika kifundo cha mkono. Mwanzo wa Agosti wako nyuma ya Angels, wapinzani wa kundi lao, kwa mechi 13. Ungemwambia mtu huu ndio mwaka wao angekuona umepagawa.

Wakawafukuzia. Angels wakaporomoka, Mariners wakawa wanashinda mechi za dakika za mwisho, Griffey akarudi, msimu ukaisha wako sare wote 78 kwa 66. Ikabidi ichezwe mechi moja ya kuamua, pitcha wao Randy Johnson akapanda kilima cha kurushia, Seattle 9, Angels 1. Wakaenda kwa Yankees raundi ya kwanza ya mtoano, wakapigwa mbili za kwanza New York, wakarudi nyumbani wakashinda mbili, na mechi ya tano tarehe 8 Oktoba ikaingia inning'i ya 11 Yankees wako mbele 5 kwa 4. Joey Cora yuko besi ya tatu, Griffey yuko ya kwanza, Edgar Martínez akapiga mpira ukashuka kushoto ukakimbilia ukutani. Cora akaingia, sare. Griffey akazunguka ya pili, akazunguka ya tatu hakupunguza ata hatua, akateleza kwenye besi ya nyumbani pa kufungia, 6 kwa 5, wenzake wote wakamrukia pale pale chini. Tafuta ile sauti ya Dave Niehaus aliyekuwa akitangaza redioni, mzee alifariki 2010, mimi kila nikiisikiliza nywele zinasimama. Walitolewa na Cleveland raundi iliyofuata, lakini mwezi huo huo bunge la jimbo likapitisha pesa za uwanja mpya na timu ikabaki Seattle mpaka leo.

Kwa hivyo mimi nikiambiwa msimu ukikatwa hauna maana nasema angalia hio jezi ya kijani. Ata wakitupa mechi 144 ntazichukua kwa mikono miwili, ata 130, mradi watie sahihi kabla vijana hawajapoteza mwaka mzima.

Maana mwaka jana, 2021, tulikuwa karibu jamani. Mechi 90 tumeshinda, tulikuwa hai mpaka siku ya mwisho ya msimu ndio tukatoka. Mitch Haniger alipiga homuruni 39. J.P. Crawford yuko pale kati anazoa kila kitu, Ty France anapiga. Na siku chache kabla ya geti kufungwa klabu ikamsajili Robbie Ray, pitcha aliyechukua Cy Young, tuzo ya pitcha bora, akiwa na Toronto, amewatoa wapigaji 248 kwa kukosa mpira mara tatu kwa msimu mmoja, dola milioni 115 kwa miaka 5. Kyle Seager amestaafu, hilo limeniuma, miaka 11 na hajaonja mtoano ata mmoja. Lakini Julio Rodríguez hii Machi 2022 ana miaka 21, ana medali ya shaba ya Olimpiki ya Tokyo, na mtu yeyote aliyemuona akishika gongo anajua ni suala la lini tu. Nataka nimuone mwaka huu toka mechi ya kwanza, si Mei, si Juni baada ya watu kupiga hesabu zao.

Na ratiba ilikuwa inatukalia vizuri mno sisi wa huku. Mechi nyingi za usiku za Seattle mwaka jana zilianza saa 1 na dakika 10 jioni kwao, kwetu ni saa 11 na dakika 10 alfajiri. Ramadhani mwaka huu wa 2022 inaingia mwanzo wa Aprili, kwa hivyo umekula daku, umeswali, unatia sikio kwenye mechi, saa 2 na kitu asubuhi imeisha unaenda kazini na matokeo yako kichwani. Nyingi za mchana ni saa 5 na dakika 10 usiku, baada ya tarawehe. Ninaomba Mungu wakubaliane ndani ya mwezi huu, timu zipate wiki chache za mazoezi, tuzipate ata kwenye kumi la mwisho la Ramadhani. Na kwa wanaouliza, kama bando inakusumbua usilipie video, ligi inauza huduma ya redio pekee ni nafuu zaidi na haili data nyingi, mimi kampuni yangu ya intaneti (siitaji) ilinikatikia katikati ya mechi mara nyingi mwaka jana mpaka nikahamia redio, na kusikiliza besiboli kuna raha yake.

Haya, ile nyota moja niliyoitoa. Kibanda hakina mwanga, ukienda baada ya alasiri hutaona doa wala tundu la nondo, kwa hivyo nenda asubuhi na ubebe kila kitu nje ukikague juani. Hakuna pa kujaribia, unavaa juu ya shati lako mbele za watu. Na yule kijana, si mama, akiona umefurahi bei inapanda hapo hapo, mimi ile jezi ya kijani alinitajia 1,500 nikiwa bado nimeiinua juu, mama alipogeuka akasema 800. Kwa hivyo ongea na mama. Kwa bei za hii Machi 2022, jezi za Majestic zilizoshonwa ni kati ya 500 na 700, kofia 150 mpaka 300, za kuchapwa usizidishe 150. Anapokea M-Pesa, na ukimpa namba yako anakupigia akifungua bela ya jezi, amenipigia kweli, si maneno. Mimi nimemwachia agizo la Griffey 24, Edgar 11 na Ichiro 51, nimemwandikia kwenye karatasi ameibandika ndani ya sanduku lake la pesa.

Kofia ya sufu usiitie kwenye mashine wala maji moto, itarudi saizi ya mtoto. Maji baridi, sabuni kidogo, mswaki laini kwenye mkanda, ikaushe kivulini ikiwa imevalishwa bakuli, jua letu hili linakula samawati kwa wiki mbili.

Ile jezi ya kijani ya Mariners sikuichukua, ni XL na mimi ni M, ingenivaa yenyewe. Mpaka jana jioni bado inaning'inia upande wa kulia ukiingia, nyuma ya majaketi. 800, sema umetumwa na wa Expos.